Masaa 14 angani, nifanyeje?

Swali: Anko, naenda kuwinda, ndege masaa 14 na mimi kukaa kimya siwezi kabisa. Nisaidie.

Jibu: Mdogo wangu, hapo pana kazi. Filamu na ramani za porini daunlodi kabla hujatoka, intaneti ya angani haitabiriki, na pawabenki iwe begi la mkononi maana kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi. Darubini nayo panda nayo, unafuta lenzi taratibu huku unamuota mnyama wako, nusu saa hiyoo imekatika. Kila saa moja au mbili inuka utembee damu isigande miguuni, maji kunywa, pombe punguza. Ila stori za bunduki na risasi kwa jirani wa siti usithubutu, ataita mhudumu!