Kabla Hujajiunga na Kundi la Utafiti wa Ikolojia ya Mimea

Nilipoanza shahada ya uzamili nilikuwa na mada yangu tayari, nikiamini kwamba kazi ya msimamizi ni kuipitisha tu. Kundi nililojiunga nalo lilikuwa likifuatilia ploti za kudumu, yaani vipande vya msitu vilivyowekewa mipaka ambavyo miti yake hupimwa tena na tena, katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, Tanzania, ambako mti wa Maesopsis eminii, uliopandwa huko na wageni, umeenea mno kwa kuwa hondohondo hula matunda yake na kutawanya mbegu. Mimi sikutaka ploti za watu. Nilipoteza karibu mwaka mzima kabla ya kutambua kwamba ploti mpya hukupa vipimo vya siku moja, ilhali ile iliyopimwa miaka nenda miaka rudi hukuonyesha mti upi umekufa, upi umenenepa na kwa kiasi gani.

Basi ulizia mapema data zilizopo, na nani anaruhusiwa kuzitumia. Swali hilo la pili wengi huona haya kuliuliza, nalo ndilo huzaa ugomvi makala inapoandikwa. Watafute pia wanafunzi waliokutangulia, wakueleze rasimu zao zilikaa mezani kwa msimamizi muda gani na gari la kwenda msituni lililipiwa na nani.

Omba kufuatana nao msituni walau siku tatu kabla ya kukubali nafasi. Huko utashika tepu huku mvua ikikunyeshea, ukipima kipenyo cha shina mita 1.3 kutoka ardhini, na mti wenye mizizi iliyotanuka kama mbawa utakulazimu upime juu ya mbawa hizo. Katika safari yangu ya kwanza nilirudi na sampuli zilizobanwa vizuri ndani ya magazeti, zote majani matupu. Mtunza hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, alizipekua kimya, akaitenga nusu nzima: bila ua wala tunda hakuweza kuipa majina. Mzee aliyetuongoza alikuwa ameniasa, “Mwanangu, ngoja uchanue,” huku akichanja gome la mti kwa ncha ya panga na kulinusa. Yeye aliutambua mti kwa harufu na utomvu. Mtu wa namna hiyo alipwe vizuri, na kwa maoni yangu kumtaja katika shukrani peke yake hakutoshi iwapo majina yote ya miti yametoka kwake.

Kibali cha kuingia hifadhini kiombe miezi kadhaa kabla ya msimu wa maua. Changu nilikiomba kwa kuchelewa, kikatoka maua yameshapukutika, nikarudi kwenye ploti zile zile nilizozikataa.