Muulize Mwalimu: Waigizaji wanaorudia wahusika wao wa zamani

Toleo lililopita niligusia juu juu michezo ya nyimbo ya Broadway, zile kumbi za maonyesho za New York, nikasema wako waigizaji waliorudi kumcheza mhusika yuleyule baada ya miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua barua chache. Walioachwa wanisamehe, ukurasa ni mmoja.

Shikamoo Mwalimu. Nimesikia Leslie Odom Jr., aliyecheza Aaron Burr katika Hamilton, mchezo kuhusu Alexander Hamilton, mwanasiasa wa Marekani ya zamani, alirudi mwaka 2025 kucheza sehemu ileile. Kwetu ukimwona mtu karudi kwenye kazi aliyoiacha, ujue huko alikokwenda mambo yamemwendea kombo. Ndivyo? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Huyu hakukwama popote. Alipoondoka Julai 2016 alikuwa ametoka kushinda Tony, tuzo kubwa ya jukwaani Marekani, tena alimbwaga Lin-Manuel Miranda, mtunzi wa mchezo huo aliyekuwa akicheza Hamilton mwenyewe. Baadaye akamwigiza Sam Cooke katika filamu ya One Night in Miami na kuteuliwa kuwania Oscar mbili, ya uigizaji na ya wimbo. Mtu wa namna hiyo harudi kwa njaa.

Alirudi Septemba 2025 katika ukumbi uleule wa Richard Rodgers, mchezo ukitimiza miaka 10 Broadway, akakaa miezi michache. Biashara imo, tusidanganyane. Tangu Julai 2020 rekodi yenye waigizaji wa kwanza iko Disney+, mtu anaitazama sebuleni kwake kajinyoosha. Ukitaka ainuke akanunue tiketi, mpe jina analolijua, na umwambie ni wiki chache tu.

Lakini kilichonivutia mimi ni kingine. Burr ndiye msimulizi. Anatoka mwanzo kabisa kutueleza Hamilton ni nani, na wimbo huo wa kwanza hauishi kabla hajakiri kwamba ndiye aliyempiga risasi. Kila anachokisema baada ya hapo ni kumbukumbu za mtu aliyekwisha kuua. Burr wa historia alikuwa na miaka 48 siku ya pambano lile la bastola mwaka 1804. Mchezo ulipofunguliwa rasmi Broadway Odom alikuwa na miaka 34, akarudi akiwa na 44. Umri haukumharibia, ulimsogeza kwa mhusika. Mimi nikisikia fulani anarudi, siulizi kama bado ana sura yake. Nauliza kama mhusika anakubali kuongezewa miaka.

Miranda naye alirudi, lakini kwa sababu nyingine. Januari 2019 aliupeleka mchezo San Juan, Puerto Rico, kisiwa cha wazazi wake, kilichokuwa bado kinauguza majeraha ya kimbunga Maria cha Septemba 2017, na mapato yakaenda kusaidia sanaa za kisiwa hicho. Usiku wa kwanza, alipotaja jina la mhusika wake, makofi yaliusimamisha mchezo. Sasa fikiria kipengele kimoja tu: sehemu ya pili kuna wimbo ambao Hamilton anakumbuka kimbunga kilichoupiga mji wake Karibi alipokuwa kijana, na jinsi alivyoandika hadi akapata njia ya kutoka. New York wimbo huo ni historia. San Juan waliousikiliza walikuwa watu ambao mabati yao yaliruka juzi tu. Maneno hayakubadilishwa hata moja. Kurudi kwa namna hiyo mimi nakuvulia kofia.

Mwalimu, nani ashikilie kombe la kurudi? (Msomaji wa Zanzibar, na wengine wawili wameuliza hivyohivyo)

Makombe waachieni watu wa mpira. Nikilazimishwa, nitawatajia Yul Brynner.

The King and I ilifunguliwa Machi 1951. Brynner, mzaliwa wa Vladivostok huko Urusi, ndiye aliyecheza mfalme; alikuwa na miaka 30 na hakuwa nyota wa mchezo. Nyota alikuwa Gertrude Lawrence; jina la Brynner lilikuwa chini, na Tony aliyopata mwaka 1952 ilikuwa ya mwigizaji msaidizi. Mfalme wa Siam, Thailand ya leo, mwigizaji msaidizi! Lawrence alifariki Septemba 1952 mchezo ukiwa bado unaendelea. Filamu ikaja mwaka 1956, Brynner akachukua Oscar, na kile kichwa alichokinyoa kwa ajili ya mhusika kikawa kitambulisho chake cha maisha.

Alirudi Broadway mwaka 1977, akaenda London mwaka 1979, kisha zikafuata safari za mji hadi mji, na mwisho Broadway tena mwaka 1985. Alipomaliza tarehe 30 Juni 1985 alikuwa amemcheza mfalme huyo mara 4,625. Broadway huonyesha mara nane kwa wiki. Pigeni hesabu wenyewe muone ni miaka mingapi ya kuvaa hariri na kutembea peku mbele za watu. Kwa hiyo mtu akiniambia Brynner alirudi, namwambia huyo hakuondoka.

Na mwisho wa mchezo mfalme anakufa. Yuko kitandani, mwanawe mkubwa anatangaza amri mpya kwamba watu wasisujudu tena kama vyura, na baba anamsikiliza huku roho inamtoka. Brynner alikuwa ameambiwa tangu mwaka 1983 kwamba ana saratani ya mapafu. Alilala kwenye kitanda kile usiku baada ya usiku akiigiza kufa, na watazamaji wengi wanajua. Alifariki Oktoba 10, 1985, miezi mitatu na ushei baada ya pazia la mwisho. Kisha televisheni za Marekani zikaanza kurusha tangazo lililotokana na mahojiano yake, akiwaomba watu wasivute sigara, mwenyewe akiwa kaburini. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hii, na kila darasa lilikuwa na mmoja aliyeuliza kama kulala pale ilikuwa bado ni uigizaji. Nikiwajibu ndiyo, maana kesho yake aliamka akarudia.

Carol Channing wa Hello, Dolly! yuko karibu yake. Alianza Januari 1964, akarudi Broadway mwaka 1978, akarudi tena mwaka 1995 akiwa na miaka 74, na bado aliteremka zile ngazi za mgahawa na manyoya yake kichwani, wahudumu wakimwimbia. Dolly ni mjane aliyeamua kurudi mjini kuishi tena. Mwandishi mwenyewe alikwisha kumfungulia mlango wa kurudi.

Mimi ni mwanakwaya. Sauti ya miaka 20 si ya miaka 60. Hawa wenzetu wanafanyaje? (Msomaji, Mombasa)

Swali la fundi hili, na jibu lake linaanzia kwa mtunzi. Rex Harrison alirudi kucheza Profesa Higgins wa My Fair Lady mwaka 1981, miaka 25 baada ya mara ya kwanza, akiwa na miaka 73. Aliweza kwa sababu nyimbo za Higgins zilitungwa kwa mtu asiyekuwa mwimbaji: anazungumza juu ya mdundo, anagusa noti pale anapotaka, anaendelea. Koo likikauka hakuna anayegundua. Na mama yake mchezoni alikuwa Cathleen Nesbitt, yuleyule wa mwaka 1956, safari hii ana miaka 92! Julie Andrews, Eliza wa kwanza, hakuwemo. Hakuna mtunzi wa kumshushia Eliza ngazi zile za sauti, na muuza maua wa kijana hawezi kuwa bibi.

Wimbo ukiwa mzito mambo hubadilika. Jennifer Holliday alikuwa na miaka 21 alipofungua Dreamgirls mwaka 1981 kama Effie, na ule wimbo wake wa kukataa kuachwa unamaliza sehemu ya kwanza kwa mayowe ya roho. Alirudi kumcheza Effie Atlanta mwaka 2007. Wimbo kama ule haushushwi ufunguo bila watu kunung'unika, kwa maana kila mmoja anao nyumbani kwenye rekodi. Ndiyo adha ya anayerudi: anashindana na yeye mwenyewe aliyefungiwa ndani ya sahani ya santuri, na yule wa ndani hapati mafua.

Lea Salonga alikuwa na miaka 18 alipoanza Miss Saigon London mwaka 1989, akimcheza msichana wa miaka 17. Alirudi kuufunga mchezo Broadway Januari 2001, hajatimiza 30. Huo ni wakati mzuri: sauti imekomaa, haijachoka. Nafikiri aliondoka kwa mhusika yule saa yake ilipofika.

Mtanitajia Bi Kidude, najua. Lakini Bi Kidude alipopanda jukwaani uzeeni alipanda kama Bi Kidude. Taarabu haimuulizi mwimbaji umri wa anayelia ndani ya wimbo. Mchezo wa nyimbo unauliza, kwa maana anayependwa amesimama palepale mbele yetu, na tunaona.

Mama yangu anashikilia kwamba Dorothy wa The Wiz ni Diana Ross, yule wa filamu na Michael Jackson. Mwalimu, tuamulie. (Msomaji, Nairobi)

Mama hajakosea, ila kaanzia katikati. The Wiz ni ile hadithi ya The Wizard of Oz, ya msichana Dorothy aliyepotea mbali na kwao, ikichezwa na waigizaji weusi. Dorothy wa kwanza, Januari 1975, ni Stephanie Mills, msichana wa miaka 17. Filamu ya mwaka 1978 alipewa Diana Ross kwa sababu watu wa sinema hununua jina. Channing alinyang'anywa Dolly wake vilevile, akapewa Barbra Streisand. Mills alirudi Broadway mwaka 1984 kucheza Dorothy na mchezo ukafungwa baada ya maonyesho 13. Alikuwa na miaka 27, sauti nzuri kuliko mwanzo, lakini mtoto aliyepotea njia hakuwepo tena.

Halafu mwaka 2015 The Wiz ikachezwa moja kwa moja kwenye televisheni, na Stephanie Mills akatokea kama shangazi, yule anayemlea Dorothy. Miaka 40! Mke wangu, ambaye hunicheka kwa kulia na michezo ya Wazungu, nilimkumbusha kwamba hawa si Wazungu, kisha tukaliangalia wote wawili kimya.

Je, Waafrika wamo katika hadithi hizi? (Msomaji, Mwanza)

Wamo. Lindiwe Dlamini wa Afrika Kusini aliingia Broadway na Sarafina!, kisha akawa miongoni mwa waigizaji wa kwanza wa The Lion King mwaka 1997, na mchezo ulipotimiza miaka 20 bado alikuwa jukwaani. Hakurudi kwa sababu hakutoka. Magazeti huwaandika wanaorudi. Wanaobaki hawaandikwi sana, na ndio wanaowafundisha wageni Simba na Rafiki hutamkwaje.

Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu kinaurudia Desemba mchezo wa nyimbo tulioutunga wenyewe. Dada aliyecheza binti wa miaka 16 sasa ana 35 na watoto wawili, na anataka sehemu yake. Tumegawanyika mno. (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Kwanza mkumbuke kwamba jina na kipaji havitoshi: Angela Lansbury aliitikisa Broadway na Mame mwaka 1966, akarudi nayo mwaka 1983, tiketi hazikuuzika, ikafungwa baada ya maonyesho 41. Mwaka uliofuata akaanza Murder, She Wrote, ambayo bila shaka mmewahi kuiona, basi hakufa kwa hilo.

Sasa kuhusu dada yenu. Bebe Neuwirth alikuwa Velma, mmoja wa wafungwa, katika mchezo wa Chicago uliofufuliwa mwaka 1996, akarudi mwisho wa 2006 kama Roxie, mfungwa mwingine, na mwaka 2014 kama Mama Morton, mkuu wa gereza. Mchezo mmoja, wahusika watatu, kila mmoja kwa umri wake. Katika mchezo wenu lazima kuna mama wa yule binti. Kama hana wimbo, mtungieni mmoja, maana kumpa dada sehemu isiyo na wimbo ni kumfukuza kwa adabu. Mwambieni sasa, wiki za mazoezi zikiwa bado nyingi, na aende mtu mmoja anayemheshimu, msimwendee kamati nzima. Akikataa katakata, mpeni onyesho la usiku wa mwisho amcheze binti, na mtangaze wazi kwenye bango kwamba ni usiku wa waigizaji wa kwanza. Watu watakuja kwa hilo. Mpiga kinanda ashushe ufunguo mapema, asimshtukize siku hiyo.

Na binti mpya, video ya zamani msimwonyeshe kwanza. Akiiona kabla hajashika maneno yake atamwiga dada, na mtakuwa na madada wawili jukwaani.