Vidonda vya usaha vinavyomrudia mtoto: anza na upele

Dada yangu, umeuliza kwa nini vidonda vya usaha vya mwanao wa miaka minne vinakauka kwa marhamu, kisha vinarudi. Vidonda hivyo, vyenye kigaga cha rangi ya asali, huletwa na bakteria waitwao stafilokokasi na streptokokasi, ambao huingia pale ngozi ilipochubuka. Na kwa kuwa umesema yeye na mdogo wake hujikuna usiku kucha, nashuku kwamba mlango wa bakteria hao ni upele, yaani ugonjwa wa kuwasha unaoletwa na wadudu wadogo mno wanaojichimbia ngozini. Mtazame katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono.

Inakadiriwa kuwa watoto zaidi ya milioni 162 duniani wana vidonda hivi kwa wakati mmoja, nao wengi ni wa nchi za joto. Inaniuma kuona vinapuuzwa, kwani kule Fiji jamii nzima ilipopewa ivermektini, dawa ya upele, upele ulipungua kutoka asilimia 32 hadi 2 katika mwaka mmoja, na vidonda kutoka asilimia 25 hadi 8.

Kwa hiyo mpeleke zahanati apimwe, na ikithibitika ni upele, mtibiwe nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, huku shuka zikifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mganga ataamua kama anahitaji pia antibayotiki. Streptokokasi huweza kudhuru figo wiki kadhaa baadaye: akiamka uso umevimba, au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, mwahishe hospitali siku hiyohiyo.