Uliza Masjala: Tali inasema 61, rejista inasema 54

Wasomaji wangu habari za mwezi. Safari hii barua nyingi zimetoka kliniki za mama na mtoto, wanaoandika ni makarani, manesi na akina mama wenyewe, nimechukua nne tu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana hiyo ndo inawakosesha watu usingizi kila mwisho wa mwezi.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni karani wa mkataba, nimepangiwa kituo cha afya kimoja huku Kanda ya Ziwa, kazi yangu ni kuwasaidia manesi wa kliniki ya mama na mtoto kwenye makaratasi, kupanga mafaili, kujumlisha ripoti za MTUHA, zile takwimu za huduma za kituo, na kuzipeleka halmashauri. Sasa mwezi uliopita, chanjo ya surua-rubella dozi ya kwanza, tali (ile karatasi ya kuchora kamstari kwa kila mtoto aliyechomwa) ina watoto 61 ila nikihesabu kwenye rejista napata 54. Sista akaniambia jazia tu hao saba zibalansi, tarehe 7 ya kupeleka ripoti hiyo inakuja. Sijajazia, na ripoti pia sijapeleka. Mi mdogo pale, hata sijui namwambiaje.
Karani mpya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza tulia, tofauti ya saba si wizi, na huyo sista wala usimchukie, inawezekana kabisa kachoka tu. Angalia ile rejista ya watoto, Kitabu namba 7, ilivyo. Mtoto mmoja mstari mmoja, na mstari huo anakaa nao toka BCG, chanjo ya kifua kikuu ya kuzaliwa, mpaka surua-rubella ya pili ya miezi 18. Yaani mtoto aliyeandikishwa Januari akija Oktoba kuchomwa ile ya miezi 9, nesi hamwandiki upya, inabidi afunue kurasa arudi hadi Januari, amtafute kwa namba iliyoko kwenye kadi, ndo aweke tarehe kwenye kisanduku chake. Sasa weka hapo foleni iliyoanza saa moja asubuhi, watoto wanalia, mzani mmoja, nesi mmoja ndo anapima anachoma anajaza kadi na kumwambia mama arudi lini, atachora kamstari kwenye tali kwa sababu tali iko hapo mbele yake, rejista atasema nitajaza nikitulia. Kutulia kwenyewe kuko wapi?

Halafu kuna mkoba, yaani kuwafuata watoto vijijini na chanjo. Siku ya huduma ya mkoba wanapakizana kwenye bodaboda na boksi la chanjo, lile rejista kubwa nani alibebe, wanabeba karatasi ya tali na daftari la kawaida la kuandikia majina. Jioni wakirudi tali inaingia kwenye faili, daftari linabaki ndani ya begi mpaka safari nyingine. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na hilo begi. Muulize sista mwezi uliopita mlienda vijiji gani, tarehe ngapi, na daftari liko kwa nani. Mara nyingi utakuta wanne watano wote wako humo, wana majina na namba za kadi, ni kuwahamishia tu kwenye mistari yao kwa tarehe ile ile waliyochomwa. Siyo tarehe ya leo! Hapo ndo wengi wanaharibu.

Ukishatoka kwenye begi nenda kwenye leja ya chanjo, lile daftari la dawa zinazoingia na kutoka. Surua-rubella inakuja kwenye kichupa cha dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake mwisho masaa 6, kinachobaki kinatupwa, kwa hiyo usije ukachukua vichupa 8 ukazidisha kwa 10 ukasema basi tumechoma watoto 80. Haiendi hivyo. Ila kinyume chake inakusaidia sana: kama leja inaonyesha mwezi mzima vilifunguliwa vichupa 6 tu, watoto 61 hawawezekani hata kwa dawa, hapo jua tali ndo imezidi, labda mtoto mmoja kachorwa na nesi wawili au dozi ya pili imechorwa kwenye safu ya kwanza. Angalia pia watoto wageni, mama katoka wilaya nyingine kuja kumsalimia bibi, mtoto kachomwa kwenu lakini hana mstari kwenye rejista yenu, tali imemuona rejista haijamuona. Na mkiwa na kampeni kama ile ya surua-rubella ya Februari 2024, hesabu zake zina karatasi zake, hazichanganywi na za kliniki za kila siku, kuna vituo vilipata asilimia za ajabu kwa kosa hilo tu.

Sasa hili la kujazia. Mistari saba haijazwi hewani, lazima iwe ya mtoto fulani, na mtu anayetaka kubalansi haraka atafanya nini, atatafuta watoto waliotimiza miezi 9 ambao kisanduku chao kiko wazi awawekee tarehe. Lakini visanduku vilivyo wazi ndo vinavyotoa orodha ya watoro! Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaitumia orodha hiyo kupita nyumba kwa nyumba kuwaulizia. Ukimwekea tarehe mtoto ambaye hajaja, umemtoa kwenye orodha, hakuna atakayemfuata tena, na kwenye karatasi yuko salama wakati surua ikipita pale kijijini inamkuta mtupu. Watu wanasema kupika data kama vile ni utundu wa ofisini, mimi naona ni kumnyima mtoto sindano.

Namna ya kumwambia sista: usianze na mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na usimwambie mbele ya watu. Mfuate saa ametulia na karatasi mkononi, "sista nimewapata wanne kwenye daftari la mkoba, bado watatu, naomba tuwaangalie pamoja mimi na wewe." Hapo umemletea kazi iliyokwisha nusu, hawezi kukufukuza. Hao watatu wakikosekana kabisa, peleka idadi unayoweza kuionyesha mstari kwa mstari, ambatanisha dokezo fupi la tofauti, sista asaini na mfawidhi aone. Wakipatikana baadaye mnamwandikia mratibu wa chanjo wa halmashauri, takwimu za DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, zinarekebishika kukiwa na ushahidi. Na ripoti ipeleke sasa hivi, kuchelewa nako ni kosa.

SWALI: Kadi ya mwanangu ililowa na mvua ikachanika yote, ana mwaka na miezi miwili. Kliniki niliyohamia wananiambia aanze chanjo upya. Si atazidishiwa dawa?
Mama Junia

JIBU: Pole mama. Kabla hajaanza upya rudi kituo ulikoanzia, au mpigie simu mtu wako aende, waangalie kwenye rejista. Nenda na tarehe ya kuzaliwa na mwezi uliompeleka mara ya kwanza, na ukumbuke siku ile mtoto aliandikwa nani, maana wengi wanafika hawajapewa jina, anaandikwa "Mtoto wa Neema", wewe leo unamtafuta Junia humpati. Kama alipelekwa na bibi yake basi huenda liko jina la bibi. Ulijifungulia hapo? Waombe wafungue na kitabu cha wazazi, tarehe ya kuzaliwa itapatikana humo. Wakikosa kabisa, hao wa kliniki mpya wako sahihi, chanjo isiyo na ushahidi inahesabika haijachomwa, na kurudia dozi si sumu, hatari ni kukosa. Chache zina kikomo cha umri, nesi atakupangia. Kadi mpya ipige picha pande zote siku hiyo hiyo uipokeapo.

SWALI: Shemeji yangu anafanya kazi masjala ya zahanati yetu. Nimemwomba aniangalizie majibu ya HIV ya mchumba wangu kabla ya harusi, kakataa, ananiringia. Ni haki kweli?
Bwana harusi mtarajiwa

JIBU: Hajakuringia, kakuokoa na kajiokoa mwenyewe. Majibu hayo ni siri kwa Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo anayefungua faili la mtu kwa ajili ya shemeji anaweza kupoteza kazi na kufika mahakamani. Na haijalishi ni karani, nesi au mlinzi aliyeazimwa ufunguo. Shikaneni mikono na mchumba mkapime pamoja, mtasomewa majibu mkiwa wote mmekaa. Na shemeji ukamwombe radhi, nasema kweli.

SWALI: Tumewekewa kompyuta kliniki, sasa tunaandika kwenye rejista halafu tunaingiza tena kwenye mfumo. Kazi imekuwa mara mbili. Rejista tuziache?
Nesi, kituo cha afya

JIBU: Msiziache mpaka halmashauri iwaandikie barua. Najua inachosha, na kwa maoni yangu kumwandikisha nesi kitu kile kile mara mbili ni njia ya uhakika ya kupata makosa mara mbili, lalamikeni kwa maandishi kwenye kikao cha usimamizi wasije wakasema hawajui. Ila umeme ukikatika saa nne asubuhi na akina mama 40 wako kwenye benchi, karatasi ndo itabaki. Andikeni rejista kwanza mtoto akiwa bado mezani, mfumo uingizwe siku hiyo hiyo kabla ya kufunga, karani anaweza kusoma namba nesi akaingiza, inakwenda haraka zaidi kuliko mtu mmoja kugeuza shingo kushoto kulia. Ukikosea kwenye rejista piga mstari mmoja, kosa lisomeke, andika sahihi pembeni na herufi za jina lako na tarehe, ile rangi nyeupe ya kufutia isiingie kliniki kabisa. Na neno la siri kila mtu awe na lake. Naona vituo vingi mchana mzima wanafunzi wa mazoezi wanaingiza kwa jina la sista, siku ikitafutwa dozi iliyoandikwa vibaya atakayeulizwa ni sista ambaye siku hiyo alikuwa likizo. Wanafunzi nao waombewe ya kwao.