CG 125 imefungwa upya, inakataa kuwaka: msiifungue tena kabla ya haya

Mkuu, umesema injini ya pikipiki yako ya CG 125 imewekewa pistoni na ringi mpya, silinda imechongwa, valvu zimesagwa, na tangu ifungwe haijawaka. Plagi inatoa moto, kiki imekuwa nyepesi, na mara mojamoja inapiga chafya kwenye kabureta. Fundi anataka aishushe tena. Mwambie asubiri kidogo.

Pikipiki iliyokuwa inatembea kabla ya kufunguliwa, ikikataa kuwaka baadaye, tatizo mara nyingi lipo pale mikono ilipopita. CDI (kiboksi kinachoamuru cheche) na koili hazikuguswa na moto upo, kwa hiyo pesa yako iache mfukoni. Watu hukimbilia kununua CDI kwa sababu ni rahisi kuchomoa na kuchomeka, basi.

Kwangu mimi jibu limejificha kwenye hiyo kiki nyepesi. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inavuja mahali, na pa kwanza kutazama ni valvu. Valvu ikisagwa huzama zaidi kwenye kiti chake, mkia wake unapanda, na ile nafasi kati yake na roka (mkono unaoisukuma valvu ifunguke) inapungua au inaisha kabisa. Fundi asiposeti upya, valvu inabaki wazi hata pale inapotakiwa kuziba. Na wapo wanaokaza makusudi ili injini "isigonge". Injini hizi zinataka nafasi ndogo, karibu 0.08 ya milimita, injini ikiwa ya baridi. Tumia fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), usipime kwa kutikisa na kidole.

Kuseti kwenyewe, fungua kava la juu na la magneti, toa plagi, zungusha injini kwa spana taratibu. Alama ya T kwenye magneti, inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, itapita mara mbili kabla valvu hazijamaliza mzunguko wao. Angalia valvu ya kuingiza ifunguke, ijifunge, kisha T ya kwanza baada ya hapo ndiyo ya kusetia. Njia ya kuhakikisha ni kuitikisa injini kidogo mbele na nyuma kwenye T: roka zikitulia, upo sahihi. Ukiona moja inapanda huku nyingine inashuka, umekosea, ongeza raundi moja kamili.

Usiiache bure hiyo T ya pili, ile ya raundi moja mbele, maana inapima taimingi (valvu kufunguka kwa wakati wake) bila kushusha kitu. Ukishaseti valvu, simamisha injini hapo. Valvu ya moshi inamalizia kufunga, ya kuingiza inaanza kufungua, kwa hiyo zote zinatakiwa ziwe wazi kidogo kwa kiasi kinachokaribiana. Moja ikiwa wazi sana na nyingine imefunga kabisa, gia ya kamu (inayoendesha valvu) imeruka jino, nukta zake hazikukutana na za gia ya krankshafti, na chafya ya kabureta umeshapata chanzo chake. Hapo sasa fundi ana haki ya kufungua. Roka isiyosogea kabisa ni pushrodi (fimbo inayoisukuma roka kutoka chini) iliyotoka kwenye kikalio chake.

(Kuna mabishano yasiyoisha vijiweni kwamba injini inaweza kufungwa "na T ya uongo", yaani ile isiyo ya kusetia valvu. Kwenye hizi haiwezekani. Magneti inatoa cheche kila raundi, hivyo nukta zikikutana imetosha.)

Valvu zikiwa sawa na kiki bado nyepesi, weka oili kama kijiko cha chai kwenye tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa bila plagi, kisha irudishe na ujaribu tena. Ikiwa nzito ghafla, ringi hazizibi. Hilo lisikutishe mapema: baada ya kupiga kiki siku nzima na choki imefungwa, petroli inaosha ukuta wa silinda mpaka unakauka, na pengine oili hiyohiyo ndiyo itakayoiwasha. Itatoa moshi, uache uishe.

Isipobadilika, isukume mpaka kwa fundi wa pancha mwenye kompresa. Tafuta plagi mbovu, ngoa kauri yake, chomelea niplo ya tairi juu. Ifunge kwenye hedi injini ikiwa kwenye T ya kusetia valvu, weka gia ya juu, mtu akanyage breki ya nyuma barabara kwa sababu upepo utaisukuma pistoni. Ingiza upepo kidogo kidogo, kisha sikiliza. Ukisikia mvumo kwenye ekzosi, valvu ya moshi haijakaa. Kwenye kabureta, ni ya kuingiza. Kwenye tundu la kuwekea oili, ni ringi au silinda iliyochongwa vibaya. Pakaza maji ya sabuni kwenye gasketi ya hedi pia.

Manifoldi ya kabureta (bomba linaloiunga na hedi) hakikisha tu haivuti hewa pembeni.

Ukishapiga upepo andika hapa unavujia wapi, nikuambie kama ni hedi peke yake au silinda nayo ishuke.