Maswali ya Jikoni: Githeri isiyoiva, mahamri yasiyofura na mrenda wa mama mkwe

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaojifunza kupika chakula cha nyumba ambayo si ya kwao: walioolewa kwingine, waliohamia mtaa mpya, walioonja kwa jirani wakatamani. Pale ambapo kosa moja linaharibu sufuria nzima tumejibu kwa kirefu.

Nimekulia Mombasa na sasa naishi Umoja. Nachemsha githeri kwa gesi saa tatu nzima na maharagwe bado ni magumu. Mtungi unaisha kabla ya mwezi kufika katikati. Nakosea wapi? Na je, muthokoi ni githeri iliyomenywa tu? (Msomaji, Umoja)

Sehemu ya lawama ni ya Nairobi yenyewe. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama huko kwenu. Ukiongeza moto maji yatakauka upesi, lakini hayatapata joto zaidi ya hilo. Gesi yako inaishia hewani. Chochote kinachoivia ndani ya maji, hasa nafaka kavu na kunde, huku juu kinadai muda mrefu kuliko Pwani.

Kwa hiyo fanya kazi kubwa kabla ya kuwasha jiko. Chukua vikombe viwili vya mahindi makavu na kikombe kimoja cha maharagwe, uviloweke usiku kucha, kila kimoja na bakuli lake, kwa maji mara tatu ya ujazo wake. Asubuhi yaangalie maharagwe kwa makini. Yaliyokunywa maji yamenenepa na ngozi imenyooka. Yale yaliyobaki madogo na mang'aavu kama yalivyotoka dukani yatoe, kwa sababu hayo hata ukiyachemsha hadi jioni hayatalainika. Yakiwa mengi, basi umeuziwa maharagwe yaliyokaa ghalani mno. Ukienda Nyamakima kwa wauza nafaka, uliza ya msimu huu ndipo upime gorogoro.

Mwaga maji ya kulowekea. Bandika mahindi peke yake kwa saa moja, kisha tia maharagwe, funika, punguza moto hadi maji yawe yanatokota polepole. Hesabu saa moja na nusu tena. Ukilazimika kuongeza maji, ongeza ya moto. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka kila kitu kimeiva, maana uchachu huifanya kunde ikaze isilainike. Chumvi haina ubaya huo. Wanaotia magadi hawakosei kuhusu kasi, yanalainisha kweli, lakini githeri inageuka rangi na kupata ladha ya sabuni. Sisi tungeyaacha.

Sufuria ya presha ndiyo dawa halisi ya mwinuko huu, kwa kuwa ndani yake joto linapita nyuzi 110. Mahindi na maharagwe yaliyolowekwa yatachukua dakika 45 hadi 50. Usiijaze kupita nusu, maganda yakiruka yanaweza kuziba tundu la mvuke. Na kama unatumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa gesi, maharagwe mekundu kwanza yachemke kwa nguvu dakika 30. Yakiwa mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na joto la kikapu pekee haliiondoi.

Muthokoi ni kitu kingine, dada. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, hutwangwa kwenye kinu mpaka ganda la nje litoke, kisha hupepetwa na kuanikwa. Likishatoka ganda, maji huingia kwa urahisi: muthokoi uliolowekwa usiku unaiva kwa saa moja na nusu hadi mbili hapa Nairobi, na uji wake unakuwa mzito, wa kushikana. Ukambani huupika sana na mbaazi, wenyewe wanaziita nzuu. Vikombe viwili vya muthokoi kwa kimoja cha mbaazi ni kipimo kizuri. Kabla ya kununua, shika kiganja kimoja unuse. Ukisikia harufu ya uvundo au ukaona punje zenye rangi ya kijani au kijivu, uache. Sumukuvu haiishi kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa, na mwaka 2004 iliua watu 125 nchini, wengi wao Ukambani.

Mahamri yangu hayafuri. Yanatoka kama mkate mdogo mzito, tena yamekunywa mafuta. Nafuata vipimo vya shemeji yangu wa Malindi bila kupunguza chochote. (Msomaji, Donholm)

Vipimo tunavyovijua ni hivi, ulinganishe: unga wa ngano mweupe gramu 500, sukari gramu 100, hamira kavu kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki punje 10 zilizotwangwa, mafuta au samli kijiko kimoja cha mezani, na tui la kwanza la nazi mililita 270 hivi. Vipimo vya shemeji bila shaka ni sahihi. Tofauti iko kwenye joto la jikoni lako na kwenye mkono.

Anza na tui. Liwe vuguvugu, ukichovya kidole usisikie moto wala baridi. Likiwa la moto linaua hamira na donge halitaumuka kamwe. Tia tui kidogo kidogo, kwa maana unga hautofautiani kwa chapa tu, hata mfuko na mfuko. Kanda dakika 12 hadi 15, ukisukuma kwa kiganja na kukunja, mpaka ukibonyeza kwa kidole donge linarudi. Wengi huona donge linanata dakika ya tatu wakaongeza unga, na hapo ndipo uzito unapoingia. Vumilia. Litaacha kunata lenyewe.

Malindi donge huumuka kwa saa moja. Donholm mwezi wa Julai linaweza kutaka saa tatu. Usilisubiri kwa saa, lisubiri mpaka limekuwa maradufu. Ukitaka kuliharakisha, weka bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya vuguvugu na ufunike. Au likande saa tatu usiku kwa nusu ya hamira, uliache juu ya meza, na alfajiri litakuwa tayari.

Gawa madonge matano. Sukuma kila moja liwe duara la upana wa sentimita 18, unene wa nusu sentimita na kidogo, sawa kila mahali. Kata msalaba, upate vipande vinne. Unga wa kunyunyiza uwe mchache, ukizidi unaungua ndani ya mafuta na kuyatia uchungu. Hapa ndipo palipo na siri ya uwazi wa ndani: mvuke ndio unaoifura hamri, na mvuke unahitaji ngozi iliyo nzima ili usitoroke. Ukiacha donge likauke juu likapasuka, au ukilisukuma pande kwa kuliminya huku nene huku nyembamba, mvuke unatokea ufani. Funika vipande kwa kitambaa, vipumzike dakika 10 hadi 15. Ukiviacha saa nzima vinajaa vitundu vidogo vidogo kama mkate, na huo uwazi mmoja mkubwa unakosekana.

Mafuta yawe na kina cha vidole vitatu kwenye karai. Dondosha kijidonge: kikizama kisha kikapanda ndani ya sekunde mbili tatu kikiwa na povu pembeni, mafuta yako tayari. Kikikaa chini, mafuta bado ni baridi, na hiyo ndiyo sababu mahamri yako yanayanywa. Tumbukiza vipande vitatu au vinne tu, na papo hapo mwagia mafuta ya moto juu yake kwa upawa. Vitafura mbele ya macho yako. Geuza mara moja. Ukijaza karai, joto linaanguka na unarudi pale pale.

Mama mkwe anakuja kutoka Kakamega na mume wangu anataka nimpikie mrenda. Mimi ni Mtaita, sijawahi kuupika. Nilijaribu ukawa unavutika kama gundi hadi watoto wakakataa. (Msomaji, Kangemi)

Mama mkwe atafurahia kuvutika kidogo, ndiyo sifa ya mboga yenyewe. Waluo wanaiita apoth na wao pia hawataki iwe kavu. Ila mrenda mtupu huvutika kupita kiasi, na ndiyo maana Waluhya huuchanganya na majani ya kunde, likhubi. Tumia mafungu mawili ya mrenda kwa fungu moja la kunde. Chambua majani tu, osha kabla ya kukata, kwa sababu mrenda uliokatwa kisha ukaoshwa unatoa ute wake wote kwenye maji.

Chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na munyu. Munyu wa kienyeji, musherekha, ni maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda makavu ya maharagwe. Mkebe hutobolewa chini, hujazwa majivu, maji humiminwa juu, na chini hudondoka maji ya rangi ya chai. Vijiko vitatu vya mezani vinatosha. Ukikosa, tumia magadi robo kijiko cha chai, si zaidi. Yakizidi mboga inakuwa chungu na vitamini zinapotea.

Maji yakichemka tia kunde dakika 10, kisha mrenda dakika 7 hadi 10, ukikoroga kutoka chini. Usifunike: unapanda kwa povu kama maziwa na kuzima jiko. Chumvi mwishoni. Hakuna kitunguu wala nyanya, na tafadhali usiongeze hata kwa nia njema, mama atajua. Andaa na ugali wa wimbi uliochanganywa na mtama.

Naweza kutengeneza mursik kwenye mtungi wa plastiki? (Msomaji, Lang'ata)

Utapata maziwa lala mazuri, lakini si mursik, yale maziwa ya kuchachusha ya Wakalenjin. Kibuyu, sotet, husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet hadi kuta ziwe nyeusi, na mkaa huo ndio unaoleta ile ladha na rangi ya kijivu. Plastiki haishiki mkaa, tena mikwaruzo yake inahifadhi uchafu. Kwa vyovyote vile maziwa yachemshwe kwanza na kupoa kabisa, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela.

Majirani zangu wa Eastleigh ni Wasomali upande mmoja na Waethiopia upande wa pili. Anjero na injera ni kitu kimoja? Na mbona injera yangu haina macho, vile vitundu vya juu? (Msomaji, Pangani)

Ni ndugu, si pacha: zote ni chapati za rojo lililochachushwa. Anjero ya Wasomali ni ndogo, huchachushwa usiku mmoja, mara nyingi kwa unga wa ngano, mahindi au mtama, na humiminwa kuanzia katikati ikizungushwa kwenda nje. Huliwa asubuhi na chai, kwa samli na sukari. Injera ya Kiethiopia ni pana, ya unga wa tefu (nafaka ya kwao yenye punje ndogo sana), huchachuka siku kadhaa na humiminwa kutoka ukingoni kuja katikati.

Kwa injera, koroga gramu 500 za tefu na mililita 750 za maji, funika kwa kitambaa. Nairobi ihesabie siku tatu hadi nne. Juu patatuama maji meusi. Yamwage polepole, ubakize robo kikombe iwe chachu ya safari ijayo. Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka, na macho yako yamepotelea hapo: chota kikombe kimoja cha rojo, kipike na vikombe viwili vya maji kiwe uji, kipoe hadi kiwe vuguvugu, kirudishe kwenye rojo. Waethiopia wanakiita absit. Tefu haina ule mpira wa ngano, kwa hiyo uji huu ndio unaoshikilia mapovu yasipasuke. Subiri saa moja au mbili mpaka rojo liinuke tena.

Kikaango kiwe cha moto sana, bila mafuta. Mimina, ngoja macho yajitokeze juu yote, ndipo ufunike dakika moja na nusu. Usigeuze. Kingo zikijiinua zenyewe, imeiva. Macho yakitokea pembeni tu, katikati kikaango chako ni baridi.

Pilau yangu inatoka njano, ya jirani ni kahawia. Anatia nini? (Msomaji, South B)

Muda. Vitunguu vinne vikubwa kwa vikombe vitatu vya pishori, vilivyokaangwa dakika 20 hadi viwe kahawia iliyokolea, kisha supu ya moto mara moja ili visiungue. Njano inatokana na duka: ukisema "bizari" bila kufafanua, Nairobi unaweza kupewa manjano. Omba jira, ama bizari nyembamba kama wasemavyo Pwani, vijiko viwili vya mezani, uikaange kavu hadi inukie ndipo uitwange. Pishori iliyolowekwa nusu saa inataka vikombe vinne na nusu vya supu, si sita.