Mstari ubavuni mwa mwanangu, na maswali niliyochelewa kuuliza

Binti yangu alizaliwa Tanga, Novemba 2018. Siku ya tatu nikiwa namwogesha niliona mstari wa kahawia umeanzia chini ya kwapa la kushoto, ukapinda na mbavu kama nyoka anayepita mchangani, ukafika karibu na kitovu. Hapo katikati ya tumbo ukakatika ghafla. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Nikadhani ni uchafu wa kuzaliwa, nikausugua kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Haukutoka.

Mama mkwe alipouona alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, usiku ule mwezi ulipopatwa, ulijishika wapi?" Wazee huamini mjamzito akijishika mwezi unapopatwa, mtoto huzaliwa na alama pale alipojishika. Alikuwa anasema usiku wa Julai 27, ule mwezi mwekundu uliokaa muda mrefu, mtaa mzima tukatoka kuutazama. Mimba yangu ilikuwa imepita miezi mitano. Na kweli nilikumbuka nimesimama mlangoni, mkono ubavuni. Hakuniuliza kwa ubaya, lakini swali lile nililala nalo miaka mitatu.

Naandika kwa ajili ya mama mwingine aliyeulizwa swali kama hilo na hana la kujibu.

Mtoto alipofika miaka miwili mstari ulianza kuinuka na kukwaruza, ukawa na vinundu vidogo vilivyopangana. Duka la dawa wakasema ni fangasi. Nikapaka dawa ya fangasi miezi minne. Baadaye wakanipa tyubu nyingine yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, wala hakuna aliyeniambia ni steroidi. Mstari haukupungua, ngozi ya pembeni ndiyo iliyokuwa nyembamba na nyeupe, hadi vimishipa vikaonekana. Wifi yangu akanishauri mkorogo, hapo nikakataa. Laiti ningetazama vizuri tangu mwanzo! Fangasi huanza mahali, hutanuka, huwasha, huambukiza. Hiki alizaliwa nacho, hakikumwasha, hakuna aliyeambukizwa, na hakikuvuka katikati ya tumbo hata kidogo. Ukiona alama ya namna hiyo kwa mwanao, weka tyubu chini kwanza.

Mwishowe tulipanda basi hadi Moshi, kwenye kile kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Daktari hakuanza na dawa. Aliufuata mstari kwa kidole, akachukua karatasi, akachora mwili wa mtu uliojaa mistari: mgongoni ikishuka kama herufi V, ubavuni ikipinda kama S, miguuni ikienda wima. Akanieleza kwamba michoro hiyo aliitoa daktari wa Berlin, Alfred Blaschko, mwaka 1901, baada ya kulinganisha wagonjwa zaidi ya 140. Haifuati mishipa ya damu wala ya fahamu. Ni njia ambazo seli za ngozi zilipita zikijigawa na kusambaa wakati mtoto bado ni kiinitete.

Seli moja kati ya hizo, ilipokuwa inajigawa, ilikosea kunakili sehemu ndogo ya DNA. Seli zote zilizotoka kwake zikabeba kosa lile lile, na nyingine mwilini zikabaki kama zilivyo. Wataalamu huita hali hii mozaiki. Mwanangu ana nevasi ya ngozi ya juu, yaani alama ya ngozi ya kuzaliwa, na katika nevasi za aina yake kosa mara nyingi hukutwa kwenye jeni (vipande vya DNA vyenye maelekezo ya mwili) kama FGFR3, PIK3CA au HRAS. Yale mabaka mekundu ya usoni ambayo baadhi ya watoto huzaliwa nayo yana kosa la jeni nyingine, GNAQ, lililogunduliwa 2013.

Nikamuuliza daktari, hilo kosa hutokea lini? Akasema majuma ya mwanzo kabisa. Nikahesabu kwa vidole palepale: Februari, Machi. Mwezi ulipopatwa Julai, mstari ulikuwa umeshachorwa zamani. Nililia mbele yake, na sioni aibu kusema.

Niliporudi nilimkuta mama mkwe barazani anasuka ukili. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwonyesha ukindu mmoja mwekundu alioutia katikati ya ule mweupe. Unapita mshazari, unazama, unaibuka mbele. Nikamwambia daktari amesema ngozi ya mjukuu wako imesukwa hivyo, ukindu mmoja ulikuwa na rangi yake tangu mkeka unaanzwa. Aliugeuza ukili mkononi muda mrefu. "Basi si wewe," akasema. Hajauliza tena habari za mwezi.

Sasa yale ambayo ningependa uyaulize mapema. Kwanza, je, macho, mifupa na ubongo vimeangaliwa? Mara nyingi tatizo huishia kwenye ngozi, lakini kosa likitokea mapema sana laweza kugusa na viungo vingine, na mtoto mwenye degedege au mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake asicheleweshwe. Pili, ukishauriwa kipimo cha jeni, uliza kama kitatoka kwenye kinyama cha ngozi, yaani kipande kidogo kinachokatwa kwenye mstari wenyewe. Damu yaweza kuonekana safi kabisa, kwa sababu kosa limo kwenye mstari tu.

La tatu nalisisitiza zaidi. Kuna aina ambayo, kinyama kikitazamwa kwa hadubini, seli huonekana zimepasuka, na kosa huwa kwenye jeni za keratini, protini inayoipa ngozi uimara, yaani KRT1 au KRT10. Mtu mwenye mstari wa aina hiyo, kosa likiwa limefika hadi kwenye mbegu zake za uzazi, anaweza kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huo mwili mzima, ngozi ikitoka malengelenge tangu kuzaliwa. Kwa hiyo baba au mama mwenye mstari wake wa utotoni aseme, hata kama haujawahi kumsumbua. Kinyama cha binti yangu hakikuwa na dalili hizo.

Tiba yetu ni mafuta ya kulainisha yenye urea, kila jioni baada ya kuoga. Tumeambiwa mstari unaweza kuwa mnene zaidi akivunja ungo, na kwamba ukikwanguliwa juu juu kwa kawaida hurudi. Kila baada ya miezi sita namsimamisha dirishani asubuhi, naweka rula kando ya mstari, napiga picha. Ya mwisho ilikuwa sentimita 19. Rula anashika mwenyewe siku hizi, na ndiye anayenisomea namba.